Nge wa jangwani: amegoma kula, hatoki shimoni, picha imetoka zambarau

Sebuleni kwangu Tucson, Arizona, kuna rafu yenye maboksi sita ya plastiki angavu, kila boksi na nge wake. Watano ni wa aina moja, Paravaejovis spinigerus, nge mdogo wa Jangwa la Sonora ambaye hata akikomaa ni nadra kupita sentimita 7. Ana rangi ya mchanga mkavu, na chini ya mkia ana mistari ya kahawia iliyokolea, ndiyo maana huku anaitwa nge wa mkia wa mistari. Kumpata si kazi. Geuza jiwe kando ya njia ya vumbi, au ubao uliosahaulika uani, na yumo. Akikuuma utapiga kelele kama aliyeumwa na nyuki, na kwa mtu asiye na mzio mambo huishia hapo. Wa sita ni nge wa matuta ya mchanga, Smeringurus mesaensis, wa manjano hafifu kama punje ya hindi bichi.

Ni mwaka wa tano nawafuga. Nikiwahesabu waliokufa mikononi mwangu, hakuna aliyekufa kwa njaa wala kwa kusahauliwa. Wamekufa kwa maji ya kuzidi, joto la kuzidi, nyenje wa kuzidi, na mmoja kwa sababu nilitaka picha siku ambayo hakupaswa hata kuguswa. Kwa hiyo usishangae humu ukikuta "ondoa" na "subiri" nyingi kuliko "ongeza".

Kwanza: je, ni yule unayemdhani?

Dalili ambayo watu huniuliza kwa furaha, kumbe ni ya kutisha: "Nge wangu ni hodari, anapanda gome na kulala chini yake kichwa kikiwa chini miguu juu." Nge wa mkia wa mistari ni wa ardhini, hana michezo hiyo. Anayening'inia hivyo hapa Arizona ni Centruroides sculpturatus, nge wa magome, na sumu yake ndiyo kali kuliko ya nge yeyote wa Marekani.

Wengi wameshika kanuni kwamba mwenye mkia mnene ndiye hatari. Huku kanuni hiyo itakuponza, maana mwenye sumu kali ndiye mwenye mkia mwembamba. Tazama magando. Ya nge wa magome ni membamba na marefu kama kibanio cha kung'olea nyusi. Ya nge wangu yamejaa kidogo, kama ya kaa mchanga. Wa magome pia huulaza mkia ubavuni anapopumzika, na ukimtazama kwa lenzi ya kukuzia utaona kijino kidogo chini ya mwiba wake.

Ndugu zangu mlio Oman na kwingine Ghuba, kwenu magando membamba na mkia mnene vinakwenda pamoja kwa Androctonus crassicauda, yule mweusi, na kuna wale wa manjano wa jamii ya Leiurus, wenye magando membamba lakini mkia usio mnene hivyo. Kaskazini mwa Kenya kuna jamii ya Parabuthus. Hao si nge wa kujifunzia, hata kama boksi lina kufuli. Wapige picha huko huko waliko, kwa lenzi ndefu, kisha uwaache waende zao.

Ukiumwa na nge yeyote: osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, vua pete. Mate yakianza kumwagika, macho yakizunguka yenyewe, misuli ikirukaruka au ulimi ukawa mzito, hilo ni la hospitali, na kwa mtoto usingoje hata moja ya hizo. Dawa ya kupinga sumu ya nge wa magome imeidhinishwa Marekani tangu 2011. Namba ya msaada wa sumu nchi nzima ni 1-800-222-1222. Mimi nimeiandika kwenye ubavu wa rafu kwa kalamu ya wino usiofutika.

Amegoma kula

Hili ndilo swali la kwanza la kila anayeanza, na mara tisa kati ya kumi nge ni mzima. Shida ni kwamba tunampima kwa tumbo la paka. Nge mzima wa saizi hii anatosheka na nyenje mmoja kwa wiki moja au mbili, na wapo nge wanaoweza kukaa miezi mingi bila kutia kitu kinywani.

Kabla ya kumhangaikia, mtazame ubavuni. Mgongo wa nge umefunikwa na vigae vya gamba, na kati ya vigae hivyo na tumbo kuna ngozi laini. Ngozi hiyo ikiwa imetuna na vigae vimeachana, huyo ameshiba, ana mimba, au anakaribia kujivua gamba. Katika hali zote tatu kugoma kula si jambo la kutisha. Ngozi ikiwa imenywea, na ubavu umeingia ndani kama tumbo la mfungaji jioni ya Ramadhani, hapo una sababu ya kutafuta chanzo.

Chanzo cha kawaida ni baridi. Chumba kikishuka hadi nyuzi 18, mwili wake unapunguza mwendo na hamu inaondoka. Mchana mimi nawaweka kwenye nyuzi 28 hadi 31, usiku nawaachia zishuke hadi 21 au 22. Desemba na Januari naacha zishuke zaidi, siwalishi karibu kabisa, na Machi wanaamka wana njaa ya kweli. Chanzo cha pili ni mawindo makubwa mno. Nyenje asizidi urefu wa mwili wa nge bila mkia. Akizidi, anayekimbia ni nge. Chanzo cha tatu ni wewe na taa yako. Nge hula gizani. Ukiketi unamwangaza ili uone anakula, hatakula.

Nyenje asipoliwa hadi asubuhi, mtoe. Hili nalisisitiza kwa uchungu. Nyenje mwenye njaa hutafuna chochote kilicho laini, na hakuna kilicho laini kama nge aliyetoka kujivua gamba. Nilimpoteza jike mzuri hivyo. Nilimwachia nyenje wawili "asije akaona njaa nikiwa safarini", nikarudi baada ya siku nne nikakuta nyenje wamenona.

"Yaya, ziko mbili!"

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, kijana aliyekulia Bukavu, Kongo, ambako "yaya" ni kaka au dada mkubwa, nilimpa nge mdogo mwaka juzi. Usiku mmoja saa sita simu ikalia.

"Yaya, nge yangu imezaa. Ziko mbili. Moja imekufa, moja iko nyeupe nyeupe, haitembee."

"Umegusa?"

"Bado. Nataka kuitoa ile yenye imekufa."

"Usiguse kitu. Zima taa, lala."

Kujivua gamba huku ni kule kwa asili, si ile kaulimbiu ya chama tawala cha Tanzania, CCM, ya kujisafisha mwaka 2011. Gamba hupasuka mbele, juu ya mdomo, kama mfuniko unaofunguka. Nge anatoka polepole kupitia hapo, anavuta magando, miguu minane, mwisho mkia, na anaacha nyuma nge mwingine mtupu, kamili hadi ncha ya mwiba. Aliyetoka ni mweupe, laini kama chaza aliyebanduliwa. Siku mbili tatu hawezi kujitetea wala kutafuna. Dalili zinazotangulia ni kugoma kula, kuvimba, kufifia rangi na kujizika siku nyingi bila kuonekana.

Akikwama katikati, mguu mmoja au gando limebaki ndani, chanzo mara nyingi ni ukavu uliopita kiasi siku zilizotangulia, au usumbufu: boksi limehamishwa, limegongwa, limefunguliwa. Unachoweza kufanya ni kidogo. Lowesha kona moja ya mchanga kwa kijiko cha maji ya vuguvugu, funga mfuniko, funika boksi kwa kitambaa, ondoka hadi kesho. Kuvuta gamba kwa kibanio ni kumchana nge. Asubuhi, ikiwa mguu umekatika na sehemu nyingine zote ni nzima, ataishi. Nge wangu mmoja anatembea kwa miguu saba na bado anawinda kuliko wenzake.

Na akilala tu, hasogei, hujui amekufa au la? Mpulizie pumzi kidogo kwa mrija wa soda. Vinyweleo vya magando yake huhisi upepo mdogo sana, na aliye hai atasogeza japo mguu. Maiti mkia wake hunyooka na kulegea, na siku ya pili utanusa. Usifanye haraka kumzika. Hakuna hasara ya kungoja siku mbili.

Madoa meusi kwenye viungo

Hapa sasa kuna ugonjwa. Madoa ya rangi ya masizi yanayoanzia kwenye viungo vya miguu au kati ya vigae vya tumbo, na yanayokua wiki hadi wiki, kwa kawaida ni kuvu, na chanzo ni unyevu. Kioo kinatoa jasho, mchanga una harufu ya pishi, kifuniko hakina matundu ya kutosha. Kijana wa watu amesoma mahali kwamba nge anahitaji asilimia 80 za unyevu, na ni kweli kabisa, kwa nge wa msituni. Wa jangwani ni mwingine.

Mhamishe siku hiyo hiyo kwenye boksi kavu lenye karatasi nyeupe chini na kigae cha chungu cha kujificha. Mchanga wa zamani tupa. Toboa matundu pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Matundu ya juu peke yake hayatoshi. Doa halifutiki, na usilipake dawa ya binadamu. Kama ni la juu tu litaondoka na gamba atakapojivua. Kwa aliyekwisha kukomaa hajivui tena, kwa hiyo unachoomba ni lisiendelee.

Maji nayo yana njia yake. Kizibo cha chupa ya soda, maji nusu, mara moja kila wiki mbili, kiachwe usiku mmoja kisha kitolewe. Maji yake mengine anayapata kwa mawindo. Sifongo au vile vidonge vya jeli vinavyouzwa madukani ni mashamba ya bakteria, viache huko huko.

Ukiona vidoti vyeupe vinavyotembea, vimekusanyika karibu na mabaki ya nyenje, huo ni utitiri, na umeletwa na unyevu ule ule na uchafu. Kausha, safisha, ondoa mabaki. Ukiganda kwenye nge mwenyewe, hasa pale chini tumboni alipo na mianya ya kupumulia, msafishe kwa brashi laini ya rangi huku umemdhibiti ndani ya kikombe. Inachukua subira ya mshona kofia.

Anahangaika usiku kucha, anakwaruza kona

Maelezo matatu, na yote yana mantiki. La kwanza ni mkeka wa joto uliowekwa chini ya boksi. Fikiria: nge wa jangwani akiona joto limezidi, akili yake ya tangu mababu inamwambia chimba, chini kuna baridi. Anachimba, na chini ndiko kuna moto. Anarudi juu, anazunguka, anakwaruza. Mkeka ubandike ubavuni, theluthi moja ya boksi tu, uwe na themostati, kifaa cha kudhibiti joto, na pima joto la mchanga wenyewe, si la hewa.

La pili ni dume aliyekomaa. Mvua za masika ya huku, Julai hadi Septemba, zikianza, madume hutembea kutafuta majike na hakuna utakachobadilisha. Utamjua kwa vitana vyake, vile viungo viwili kama vitana vya nywele chini ya tumbo. Vya dume ni vikubwa na vina meno mengi zaidi. Mimi humpa boksi pana na kumwacha atembee.

La tatu ni kona. Kioo au plastiki safi hapandi, lakini mstari wa gundi ya silikoni kwenye kona za tangi la kioo ni ngazi kwake. Ukimkuta juu kila asubuhi kwenye kona ile ile, hajaanza uchawi. Hakikisha mfuniko unabana.

Shimo linabomoka

Mchanga mtupu wa dukani haushiki. Changanya sehemu tatu za mchanga na moja ya udongo wa mfinyanzi uliosagwa, loanisha kama unga wa chapati ulioanza kushikana, shindilia sentimita 8 hadi 10, toboa tundu la mshazari kwa penseli nene, kisha uache ukauke siku tano juani kabla ya kumweka nge. Nge wa mkia wa mistari huridhika hata na jiwe bapa. Yule wa matuta ndiye anayehitaji shimo, bila hilo hula vibaya na kukaa ukutani kama mgeni asiyepewa kiti.

Mama anakula watoto

Jike uliyemwokota porini huenda alikuja na mimba, na nge hubeba miezi mingi, kwa hiyo usiulize baba ni nani. Nge hatagi, huzaa watoto hai, weupe, wanaompanda mama mgongoni na kukaa huko hadi watakapojivua gamba la kwanza. Wangu alizaa 23, niliwahesabu kwenye picha. Nilipompiga picha hizo kwa flashi usiku tatu mfululizo wakabaki 14.

Hakuna fumbo. Mama aliyesumbuliwa, au mwenye kiu, huwageuza kuwa chakula. Mpe kizibo cha maji chenye vijiwe ndani watoto wasizame, funika boksi, na picha piga moja tu, haraka. Watoto wakishuka wenyewe na kuanza kutawanyika, kila mmoja apate kikombe chake. Wakibaki pamoja watapunguzana bila msaada wa mama.

Upande wa kamera: picha imetoka zambarau

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nianze kufuga. Gamba la nge lina kemikali zinazopokea mwanga wa UV, usioonekana, na kuurudisha kama buluu-kijani. Gizani, kwa tochi sahihi, nge mdogo wa rangi ya vumbi anawaka kama taa ya msikiti siku ya Maulidi. Halafu unatazama picha, kila kitu ni zambarau, na nge ni kivuli.

Tochi nyingi za bei poa ni za nanometa 395, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Sehemu ya mwanga wake si UV kamili, ni zambarau inayoonekana, inapiga mchanga, inarudi kwenye lenzi, inamfunika nge. Jaribio lake ni la jikoni: kunja kipande cha foili ya kuokea, kiweke mchangani, kimulike na upige picha. Foili haiwaki kwa UV, kwa hiyo zambarau yoyote utakayoiona juu yake imetoka kwenye tochi. Tiba ni tochi ya 365 yenye kioo cheusi cha kuchuja mbele, au kichujio cha manjano mbele ya lenzi kinachozuia zambarau na kuachia kijani kipite. Cha manjano kitabadilisha rangi kidogo, utairekebisha baadaye. Mizani ya rangi usiiache kwenye otomatiki. Iweke kwenye mwanga wa jua, na upige kwa faili ghafi (RAW). Vaa miwani ya kukinga UV, na usimulike nyuso za watu, hata kwa mzaha.

Kuna vidoti vya buluu vinavyowaka kila mahali? Hivyo ni nyuzi za nguo. Sabuni za kufulia zina kitu cha kung'arisha kinachowaka kwa UV, na shati lako linaacha nyuzi kila unapoinama. Puliza mchanga kwa pampu ndogo ya mkono kabla ya kila picha. Baadhi ya mawe yenye chokaa nayo huwaka, kwa hiyo mandhari yako ipitishe kwenye tochi kwanza, peke yake.

Na nge asiyewaka kabisa? Aliyetoka kujivua gamba hawaki, kwa sababu mng'aro unakuja kadiri gamba linavyokomaa. Hali hiyo hiyo kwa watoto wachanga mgongoni: mama anawaka, wao ni weusi, na picha yake ni nzuri ajabu. Ukiiona hali hiyo kwa mkubwa, zima tochi na umwache, ni laini bado.

Kichwa kimetoka, mkia ni ukungu

Ukimkaribia nge hadi awe saizi yake halisi kwenye sensa, kwa tundu la lenzi la f/8 una takriban milimita moja tu inayotoka safi. Nge ana mkia uliokunjwa hewani, magando mbele, mwili chini. Hawezi kuenea kwenye milimita moja. Usikimbilie f/22, tundu dogo zaidi, picha nzima italainika. Kaa kwenye f/11, na ugeuze kamera iwe sambamba na mwili, ama kutoka juu kabisa ama kutoka ubavuni kabisa. Ukitaka wa mbele, kubali mkia upotee ila macho yawe makali. Macho yenyewe watu huyatafuta pasipo: mawili makubwa yako juu, katikati ya kichwa, yamekaribiana, yale ya kwenye kona za mbele ni madogo ya ziada. Kwa nge aliyetulia unaweza kupiga picha kumi na tano ukisogeza fokasi kidogo kidogo, ukaziunganisha kwa programu.

Kwa tochi ya UV tatizo ni muda. Ukipiga sekunde nane, gando litasogea tu. Tumia tochi mbili, pande mbili, wepesi wa sensa kupokea mwanga (ISO) uwe 800, ushuke hadi sekunde mbili au moja.

Madoa meupe ya mweko mgongoni yanatokana na flashi iliyo ndogo kuliko inavyotakiwa. Gamba linateleza kama sahani ya kauri, linaakisi umbo la taa yenyewe. Kata ubavu wa galoni nyeupe ya maziwa, uukunje kama paa juu ya nge, flashi ipige kupitia hapo. Hakuna kifaa cha dola hamsini kilichonishinda kwa hilo.

Haketi hata sekunde

Kuna wanaomweka kwenye friji atulie. Nge aliyepoozwa anakaa vibaya, miguu imekunjwa kiholela, na anayewajua ataona kwenye picha kwamba huyu mnyama ni mgonjwa. Weka mchanga sentimita tatu kwenye beseni jeupe, beseni liwe sakafuni (nge akianguka kutoka mezani anaweza kuumia), umwingize kwa kikombe na kadi, kisha umfunike kwa bakuli jeusi dakika kumi. Tayarisha kila kitu: fokasi, flashi, pumzi. Inua bakuli. Una sekunde kama ishirini kabla hajakumbuka kukimbia. Ukimkosa mara tatu, mrudishe kwake, mjaribu wiki ijayo. Mwanga mwekundu unakusaidia kumwona bila kumshtua sana wakati wa kupanga.

Anawaka kidogo kuliko zamani

Hii nilidhani ni tochi inayoisha. Nilibadilisha betri, nikabadilisha tochi. Kumbe nge anayemulikwa UV muda mrefu, siku nyingi, gamba lake hupungua kuwaka. Hilo limeshajaribiwa na kuthibitishwa kwa nge wa jangwa la Marekani. Wangu niliyempenda kwa picha ndiye aliyekuwa amefifia. Sasa kila boksi lina karatasi kwenye mfuniko, naandika tarehe na dakika, na sizidishi dakika tano kwa usiku wala usiku mmoja kwa mwezi.

Mazoezi yote mengine nayafanya kwa gamba lililovuliwa. Linawaka vilevile, lina magando na mwiba na kila kinyweleo, halikimbii, halichoki, na unaweza kulimulika hadi alfajiri. Lile la jirani yangu, "ile yenye imekufa", bado analo kwenye kisanduku cha viberiti chenye pamba. Picha yake ya kwanza iliyotoka safi hadi ncha ya mkia ni ya gamba hilo, na akiwaonyesha watu hawaambii.